Re: Nimetafuta filamu ya The Host ya Wakorea, mbona imekuja nyingine?

Habari mkuu. Ulitaka zimwi la mtoni, ukaletewa mapenzi ya watu wenye macho yanayong'aa. Hata mimi yalinikuta, bando likaisha bure.

Angalia mwaka kwanza. Hiyo uliyopata ni ya Wamarekani, 2013. Yako ni ya 2006, mwongozaji Bong Joon-ho. Ikigoma, andika Gwoemul, ndilo jina lake la Kikorea.

Ikianza na daktari wa jeshi la Marekani akiamuru chupa za fomalini (dawa ya kuhifadhia maiti) zimwagwe kwenye sinki ziishie Mto Han, umeipata. Kisa kama hicho kilitokea kweli Seoul, mwaka 2000. Na zimwi halichelewi kutokea: linaning'inia darajani mchana kweupe, watu wanalirushia bia na vitafunwa.