Maswali Yenu: Satelaiti Tukishaunda, Nani Anatupandishia?

SWALI: Shikamoo mhariri. Sisi ni wanafunzi wanne wa uhandisi hapa Mbeya, tuna wazo la kuunda satelaiti ndogo ya kupiga picha za mashamba. Kuunda tunaamini tutaweza, ila tukimaliza tunaipeleka wapi? Lazima uwe na roketi yako au uwe serikali?

JIBU: Marahaba wanangu. Roketi wala isiwanyime usingizi. Mtu akitaka kutuma kifurushi Mwanza hanunui basi, anafunga mzigo wake vizuri anaupeleka stendi analipia, unaenda pamoja na mizigo ya watu wengine chungu nzima. Na huku ndo hivohivo. Februari 2017 roketi moja ya India ilipandisha satelaiti 104 kwa safari moja, na Januari 2021 SpaceX, kampuni ya roketi ya Marekani, wakabeba 143 kwenye roketi yao moja ya Falcon 9. Ila basi likiwa na ratiba yake halikusubiri wewe, na linakushusha linakopita, ukitaka pengine ni juu yako.

Kilichofungua njia ni kipimo. Mwaka 1999 maprofesa wawili wa California, Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs, walikubaliana satelaiti ya wanafunzi iwe kiboksi cha sentimita 10 kila upande, wenyewe wanaziita kyubusati, ukitaka kubwa unaunganisha viboksi viwili au vitatu. Uzuri wake ni kwamba zote zinaingia kwenye sanduku la aina moja, nyuma kuna springi mbele kuna mlango, mwenye roketi anafunga sanduku lake tu, wakifika juu mlango unafunguka springi inasukuma viboksi nje, imeisha.

Sasa nyie mna njia mbili. Ya kwanza ni kulipia nafasi kwenye roketi za pamoja, SpaceX walipoanza huduma hiyo walitangaza dola milioni 1 kwa kilo 200, kwahiyo mwenye kiboksi cha kilo moja na kidogo haendi kwao mwenyewe, anapitia kwa madalali wanaokusanya satelaiti ndogondogo za watu na kuzifunga pamoja. Ya pili ndo ninayowashauri kwa moyo wote: tangu 2015 Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani, JAXA, wana mpango unaitwa KiboCUBE, vyuo na taasisi za nchi zinazoendelea zinaomba na ukichaguliwa kurushiwa ni bure, gharama ya kuunda ndo yenu. Satelaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilipita hapo. Ilisafiri Aprili 2018 ikiwa mzigo wa kawaida ndani ya chombo kinachopeleka mahitaji Kituo cha Anga cha Kimataifa, halafu tarehe 11 Mei ikaachiwa nje kutoka chumba cha Wajapani kinachoitwa Kibo. Rwanda na Uganda nao satelaiti zao ziliachiwa kutoka kituo hichohicho, RWASAT-1 mwaka 2019 na PearlAfricaSat-1 mwaka 2022. Ombeni kupitia chuo chenu, msiombe kama kikundi cha marafiki.

Ila naomba mnisikilize hapa maana hapa ndo vijana wengi wanakwama. Mwenye roketi hajali satelaiti yenu itafanya kazi au la, anachojali isije ikaharibu mizigo ya wenzenu, kwahiyo lazima iwekwe kwenye mashine ya kutikisa itikiswe kama itakavyotikiswa safarini na isilegee hata skrubu moja, ipashwe joto kwenye chemba isiyo na hewa, na isafiri ikiwa imezimwa kabisa. Ina viswichi vinavyobanwa ikiwa ndani ya sanduku, ikitoka tu vinaachia inawaka, na hata hapo inatakiwa isubiri dakika 30 ndo ikunjue anteni. Anteni zenyewe wengi wanatumia bati la futi ya fundi, linakunjwa na kufungwa kwa uzi wa nailoni, halafu kuna kiwaya kinapata moto kinaukata. Jaribuni huo uzi mara mia mezani! Usipokatika huko juu satelaiti ni bubu na hakuna wa kwenda kuifungua.

Na karatasi anzeni leo, kabla hata ya kuuchoma waya wa kwanza. Masafa ya redio mnaomba kupitia TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na maombi yanaenda hadi Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, inachukua muda kweli. Kuna kampuni ya Marekani, Swarm, mamlaka ya mawasiliano ya kwao iliwanyima kibali kwa hofu kwamba vile vidude vyao vinne ni vidogo mno kufuatiliwa na rada, wao wakavirusha hivohivo kutokea India Januari 2018, wakaja kulipa faini ya dola 900,000.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mzee wa Malindi, nakumbuka roketi zikiruka pale Ngomeni. Mbona satelaiti ya Kenya, Taifa-1, ikapelekwa Marekani kurushwa wakati sisi tuko karibu na ikweta, na tuliambiwa ndo pazuri?

JIBU: Waaleikum salaam mzee wangu, na kumbukumbu yako ni ya kweli kabisa. Hapo Ngomeni, kwenye jukwaa la San Marco la Waitaliano, zilirushwa satelaiti tisa kati ya 1967 na 1988, na moja iliruka tarehe 12 Desemba 1970 ikaitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ndo satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Mimi najivunia hilo sana.

Ikweta inasaidia kwa sababu dunia pale inazunguka kwa kama kilomita 1,670 kwa saa, ukirusha kuelekea mashariki unapata msukumo wa bure. Lakini Taifa-1 ni ya kupiga picha, inataka kupita juu ya ncha za dunia, kaskazini kwenda kusini, ili dunia ikizunguka chini yake ione sehemu zote kwa mwanga wa saa ileile. Njia hiyo msukumo wa mashariki haina kazi nao. Ndo maana ilitokea Vandenberg, California, ambako kusini ni bahari tupu. Iliahirishwa mara kadhaa ndo ikaruka tarehe 15 Aprili 2023, kwetu ilikua saa tatu na dakika 48 asubuhi, pamoja na mizigo mingine kibao.

SWALI: Niko Kampala. Hivi vidude vyote si vitajaza takataka huko juu?

JIBU: Inategemea umeachiwa wapi. Kwenye kilomita 400 hivi bado kuna hewa kidogo, inaipunguzia satelaiti kasi mpaka inashuka na kuungua ndani ya mwaka mmoja au miwili, ile 1KUNS-PF haipo tena. Ukipanda kilomita 800 au 1,000 ni miaka mingi mno, na wasiwasi wako hapo ni wa haki. Marekani tangu 2022 wameweka sharti la miaka mitano baada ya kazi kuisha uwe umeitoa, zamani ilikua 25.