Mwanangu, nenda ukawasomee

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema mchapishaji wako anataka uzunguke kwenye makongamano, shule na maktaba ukizungumzia kitabu chako, na roho yako imegoma. Ukaniuliza: "Mama, kazi yangu si kuandika? Kitabu kikiwa kizuri si kitajiuza chenyewe?"

Hakijiuzi, mwanangu. Miaka yote niliyofanya kazi maktaba nimeona vitabu vizuri vikikaa rafuni hadi vinashika vumbi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia mwandishi wake. Msomaji ana vitabu vingi mbele yake na muda mchache. Akishakusikia hata kwa robo saa, jina lako kwenye jalada linakuwa la mtu anayemjua.

Wala usidhani jambo hili limeletwa na zama za simu na video. Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alikuwa na jina kubwa tayari alipoanza, mwaka 1858, kuwasomea watu kazi zake kwa kiingilio. Rafiki yake wa karibu alimkataza, akiona ni kujishushia hadhi. Dickens hakusikia. Alipokwenda Marekani mwishoni mwa 1867 alisoma mara 76 kabla ya kurudi nyumbani mwezi Aprili uliofuata, kumbi zikijaa na fedha zikiingia. Mark Twain, mwandishi wa Marekani, naye alifilisika mwaka 1894. Mwaka uliofuata akaanza kuzunguka dunia akihutubia, akapita Australia, India na Afrika Kusini. Kufikia 1898 alikuwa amewalipa wadai wake wote, na safari ile ile ilikwisha kumpa kitabu kipya. Na kuna Chimamanda Ngozi Adichie, mwandishi wa Nigeria, ambaye hotuba yake ya London ya mwaka 2012 ilisikilizwa kwanza, ndipo ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 2014. Jukwaa linaweza kukizaa kitabu, si kukitangaza tu.

Najua utasema hao walijaliwa kipaji, na wewe ukisimama mbele za watu mate yanakukauka. Basi mtazame Dickens akijiandaa. Alikuwa akichukua kurasa za kitabu chake na kuzibandika kwenye karatasi kubwa zenye pambizo pana. Akapiga mstari chini ya maneno ya kutilia mkazo, akafuta sentensi zilizokuwa nzuri machoni lakini nzito mdomoni, na pembeni akajiandikia sauti iweje na mkono ufanye nini. Hadithi yake moja aliifanyia mazoezi zaidi ya mara 200 kabla ya kuisoma hadharani. Mtu mwenye kipaji kile hakukitegemea kipaji. Hilo ndilo ninalotaka ulishike, kwa sababu kujiandaa unakuweza, ndivyo unavyoandika.

Nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Tulikuwa tukialika waandishi, nami nakaa viti vya nyuma. Wengi walisimama wakaeleza kitabu kinahusu nini, kiliandikwa kwa taabu gani na kina mafunzo gani. Watu wakapiga makofi, wakaenda zao. Siku moja akaja mama mmoja mwenye sauti ndogo. Akasogeza kipaza sauti karibu, akasalimia, akasoma kisa cha mtoto anayemsubiri baba yake usiku. Hakutangulia kukifafanua. Akafika mahali mlango unagongwa, akafunga kitabu, akasema, "Nitaishia hapo." Ukumbi mzima ukaguna. Meza ya vitabu ilikuwa karibu na mlango wa kutokea, na foleni yake ilirudi mpaka kwenye viti.

Kwa hiyo chagua ukurasa mmoja, au miwili mifupi. Uwe na wahusika wachache, usiohitaji maelezo marefu kabla ya kuusoma, na ukatike pale msikilizaji anapotaka kujua kinachofuata. Uchapishe kwa maandishi makubwa. Weka alama kila pa kupumua. Usome kwa sauti ukiwa umesimama, huku ukijipimia muda, na popote ulimi unapokwama, punguza maneno. Hakuna atakayekushtaki kwa kuruka sentensi yako mwenyewe. Usianze kwa kuomba radhi kwamba wewe si msemaji, maana hapo umewafundisha watu kutokukuamini. Anza na hadithi.

Halafu maswali. Hapa, mwanangu, ndipo penye mali, na waandishi wengi hupaharakisha ili washuke. Mtu akikuuliza kwa nini mhusika fulani hakurudi, amekuonyesha mahali moyo wake ulipobaki. Swali moja likijirudia kumbi mbili tatu, lichunguze vizuri, huenda ndiyo mbegu ya kitabu chako cha pili. Chukua daftari, uyaandike kabla hujalala. Usilolijua, sema hulijui, ulipokee swali kwa heshima.

Kuhusu malipo, usione haya. Mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, mara nyingi huwa kama asilimia 10 ya bei ya kitabu, pengine pungufu, na huchelewa kufika. Kuzungumza ni kazi, nayo inaweza kukulipa kabla mauzo hayajakulipa. Kila mwaliko ukija, uliza mapema: nauli na malazi ni juu ya nani, kuna ujira kiasi gani, nani analeta vitabu vya kuuza, wasikilizaji ni kina nani. Mwanzoni utakwenda sehemu nyingine bure, na si vibaya, mradi umeamua mwenyewe na unajua unachokifuata.

Lakini usikubali kila mwaliko. Dickens huyo huyo alijichosha kwa safari hizo mpaka mwaka 1869 madaktari wakamsimamisha katikati ya ziara, na mwaka uliofuata akafariki akiwa na miaka 58, riwaya aliyokuwa akiiandika haijakamilika. Tenga miezi ya kuzunguka na miezi ya kuandika, na mchapishaji umweleze hivyo tangu sasa.

Mjibu kwamba utakwenda, uanze na ukumbi mdogo. Ukishachagua ukurasa wako nipigie simu unisomee, nikwambie wapi nimepotea.

Nakupenda,
Mama yako