Maswali ya Wasomaji: Wingu Halimwondolei Katibu Kazi ya Nakala

Swali la kwanza, kutoka kwa katibu wa kikundi cha wafugaji nyuki, Sikonge, Tabora

Mwalimu, pokea salamu zetu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji nyuki chenye wanachama 214. Kumbukumbu zetu za mizinga, ndoo za asali tunazopokea na malipo ya kila mwanachama zilikuwa katika kompyuta moja ya ofisini, nayo iliungua msimu uliopita umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Tulinusurika kwa sababu daftari lilikuwapo. Sasa vijana wetu wanashauri tuhamie kwenye kanzidata ya wingu, na wanasema tukishahamia, habari ya kuweka nakala imekwisha. Mimi ni mtu wa miaka 63 na sitaki kusaini nisichokielewa. Hilo wingu liko wapi hasa, na je, ni kweli wasemayo vijana?

Jibu

Shikamoo mzee katibu. Naomba nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye uzito: si kweli. Kazi ya nakala itapungua sana, lakini sehemu itakayobaki ni ile ambayo hakuna kampuni inayoweza kuwafanyia, na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote.

Kumbukumbu zilizopangwa ndani ya kompyuta ili zitafutike haraka ndizo huitwa kanzidata. Wingu ni jina tu. Kinachoitwa hivyo ni majengo yenye seva nyingi (kompyuta zinazohudumia wengine kupitia mtandao), umeme wa akiba na mitambo ya kupoza joto, ambamo kampuni inawakodishia nafasi ndogo kwa saa au kwa mwezi. Amazon ilianza kukodisha hifadhi ya mafaili na seva mwaka 2006, na mwaka 2009 ikaanza kukodisha kanzidata ambayo mafundi wake ndio wanaoitunza, yaani wao wanabadilisha diski ikiharibika na wao wanaweka masahihisho ya usalama. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua cha Cape Town mwaka 2020, na Google cha Johannesburg mwaka 2024. Kwa hiyo mkiingia mkataba na mojawapo ya kampuni hizo na kuchagua kituo cha Afrika Kusini, ndoo ya asali mtakayoiandika Sikonge asubuhi itasafiri kwa mkongo hadi pwani, itapita chini ya Bahari ya Hindi na kuandikwa huko. Msipoangalia mnachochagua, inaweza kwenda kuandikwa Ulaya au Marekani.

Safari hiyo ndefu ina matokeo mawili ambayo vijana wako wanapaswa kuyajua mapema. La kwanza, mkongo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu, na intaneti ikasuasua nchini kote. Siku kama hiyo wanachama watafika na ndoo zao kama kawaida, na karani wenu lazima aweze kupokea na kuandika, ama katika kompyuta ya hapo hapo ambayo baadaye itapeleka kumbukumbu juu, ama katika stakabadhi za karatasi. Daftari lililowaokoa msilitupe.

La pili ni la ufundi, na nimeliona likiwakatisha tamaa watu wengi wiki ya kwanza baada ya kuhama. Programu iliyozoea kuzungumza na kanzidata iliyo katika kompyuta hiyo hiyo huuliza maswali madogo madogo mengi bila kuhisi gharama yake. Tuseme swali moja kwenda na kurudi linachukua milisekunde 60 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde). Programu ikiuliza salio la kila mwanachama peke yake, mara 214, mtakaa karibu sekunde 13 mkiangalia kioo kwa jambo lililokuwa likiisha kwa kufumba na kufumbua, na mtasema wingu ni bovu. Wingu halina kosa hapo. Aliyeandika programu aiombe kanzidata masalio ya wanachama wote kwa swali moja, na tatizo litakuwa limekwisha.

Kuna pia suala la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na majina, namba za simu, namba za vitambulisho na malipo ya wanachama wenu ni taarifa binafsi. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Muulizeni Tume kabla ya kusaini, na uwaeleze wanachama kwenye mkutano kumbukumbu zao zitakaa wapi, kwa maana ni mali yao.

Sasa nirudi kwenye nakala. Kanzidata ya wingu inayotunzwa na kampuni hujiwekea nakala yenyewe, na mnaweza kuirudisha ilivyokuwa saa fulani ya siku fulani. Hili ni jambo zuri sana na ningewashauri mlilipie. Lakini nakala hizo za kujiendesha zina ukomo: kwa Amazon na kwa Microsoft, muda mrefu zaidi unaoweza kuzipangia ni siku 35. Ninyi mnafanya mkutano mkuu mara moja kwa mwaka, na hapo ndipo mwanachama husimama na kusema kwamba msimu wa kurina alileta ndoo 11 lakini kitabu kinaonyesha 7. Ikiwa karani alifuta mistari minne kwa bahati mbaya miezi sita kabla, nakala yenye mistari hiyo ilishajifuta siku nyingi. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi toeni nakala kamili, muihifadhi mahali pengine panapojitegemea na kulindwa kwa nenosiri, na muitunze kwa miaka ambayo katiba yenu inataka vitabu vitunzwe.

Kisha ijaribuni. Nasema hili kwa uchungu wa mtu aliyeumia. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitunza kanzidata ya chama kimoja cha kuweka na kukopa hapa Tabora. Niliandika programu fupi iliyotoa nakala kila usiku wa manane, na kila asubuhi niliangalia folda, nikaona faili lenye tarehe ya jana, nikaridhika. Siku diski ilipokufa nilifungua faili la mwisho na kukuta halina kitu. Nenosiri la kanzidata lilikuwa limebadilishwa wiki tisa kabla, programu yangu ikawa inakataliwa mlangoni, lakini ilikuwa ikitengeneza faili kwanza ndipo inabisha hodi. Kila usiku faili jipya, tarehe mpya, ndani patupu. Nilikuwa nikisoma tarehe bila kusoma ukubwa. Tulikaa siku tano, mimi na karani wa chama, yeye akisoma stakabadhi moja moja zilizobanwa kwa pini, mimi nikiandika upya, na mara kwa mara alinyamaza kwa sababu wino ulikuwa umefifia na hakutaka kubahatisha fedha ya mtu.

Tangu hapo, mzee wangu, sihesabu nakala yoyote kuwa nakala mpaka niirudishe kwenye kompyuta nyingine na kuhesabu mistari. Nanyi teueni mtu mmoja kwa jina, si "vijana", ambaye kila baada ya miezi mitatu atairudisha nakala mahali pa majaribio, atahesabu wanachama 214, atachagua watatu, na wewe mwenyewe utalinganisha malipo yao na daftari. Akishindwa kukuonyesha, usikubali maneno.

Kabla ya kuhama pia, msafishe majina. Katika kitabu cha kikundi kimoja nilikuta Shaban, Shabani na Shaabani, nikadhani ni watu watatu, kumbe ni mzee mmoja aliyeandikishwa na makarani watatu. Kila mwanachama apewe namba yake moja isiyobadilika, na ndoo ziandikwe kwa namba hiyo. Uchafu ukihamia winguni unabaki kuwa uchafu, tena unaolipiwa kila mwezi.

Swali la pili, kutoka kwa msomaji wa Nzega

Nataka kujifunza kanzidata lakini sina kadi ya benki ya kulipia wingu. Nianzie wapi?

Jibu

Anzia kwenye kompyuta yako mwenyewe. PostgreSQL, programu ya kutunza kanzidata, ni ya bure na ni ile ile ambayo kampuni za wingu zinaikodisha, hivyo utakachojifunza Nzega kitatumika popote. Kama kompyuta ni dhaifu, anza na SQLite, programu nyepesi ambayo kanzidata yake yote ni faili moja tu. Lugha utakayojifunza, yaani SQL, ilianza mwaka 1974 katika kampuni ya IBM, ikiwa imejengwa juu ya wazo ambalo Edgar Codd alilichapisha mwaka 1970 la kupanga data katika majedwali. Imedumu zaidi ya nusu karne huku mitambo mingi ikija na kuondoka, kwa hiyo muda utakaoitolea hautapotea. Ukijaribu wingu baadaye kwa kadi ya kuazima, weka kikomo cha matumizi siku hiyo hiyo, kwa maana seva iliyosahaulika ikiwa imewashwa inaendelea kudai dola hata kama hakuna anayeitumia.

Swali la tatu, kutoka kwa msomaji wa kike, Ujiji, Kigoma

Shikamoo mwalimu. Ninatunza kanzidata ya akiba na mikopo ya wafanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi. Kikundi cha vijana wanaopenda kompyuta mjini Kigoma wameniomba niwafundishe Jumamosi moja kuhusu kazi yangu, na wengine wanasema nitakuwa mzungumzaji wao wa kudumu. Sina cheti kikubwa, Kiingereza changu ni cha kuombea maji, na ninaogopa kuulizwa nisilolijua. Je, nikubali?

Jibu

Marahaba mdogo wangu. Kubali, na ukubali wiki hii kabla hofu haijakua.

Woga wako unatokana na kudhani kwamba anayesimama mbele ni yule anayejua kila kitu. Mimi nimefundisha kwa miaka mingi, na somo ambalo wanafunzi wamenikumbusha mara nyingi kuliko yote ni lile la faili tupu nililomsimulia mzee katibu hapo juu. Masomo yangu ya nadharia, niliyoyaandaa kwa jasho, hakuna anayeyataja. Wewe umeshika fedha za watu kwa mkono wako, unajua kinachotokea ndoo za dagaa zinapowasili alfajiri na kila mtu anataka alipwe kwanza, na unajua kwa nini malipo hayapaswi kuandikwa nusu: fedha itoke kwa mmoja na iingie kwa mwingine kwa pamoja, au isitokee kabisa. Hiyo ndiyo maana ya muamala katika kanzidata, nawe una mfano wake ambao kijana yeyote wa Kigoma ataelewa bila kutafsiriwa.

Wakubwa pia wamefundisha kwa makosa yao. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao, akiwa amechoka usiku, alifuta kanzidata iliyokuwa ikitumika badala ya ile aliyoikusudia, na walipokimbilia nakala wakagundua kwamba njia tano walizokuwa wakizitegemea zilikuwa na kasoro. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono kiasi cha saa sita kabla. Hawakuficha, walionyesha kazi ya kuirudisha moja kwa moja kwenye YouTube, kila mtu akitazama. Mafundi wengi duniani walikwenda kukagua nakala zao kwa sababu ya ukweli ule, nami nikiwa mmoja wao.

Usingoje pia shirika kubwa likuite. Mwaka 2007 huko Orlando, Marekani, mafundi wachache wa kanzidata walianzisha siku ya mafunzo ya bure wakaiita SQLSaturday, yaani Jumamosi tu, kwa sababu ndiyo siku waliyokuwa nayo. Ilienea nchi nyingi. Chama kilichokuja kuilea kilivunjika Januari 2021, na bado Jumamosi zile ziliendelea, kwa sababu walioziendesha katika kila mji walikuwa wakifahamiana na kuaminiana. Hicho ndicho unachoombwa kukijenga Kigoma.

Ukiulizwa usilolijua, liandike ubaoni mbele yao, useme utalijibu Jumamosi ijayo, na ulijibu kweli. Fundisha kwa Kiswahili. Maneno ya SQL ni machache na yataandikwa yalivyo, lakini maelezo yawe katika lugha wanayoitumia kudai deni. Chagua jambo moja tu, tuseme jinsi mkopo mmoja unavyoandikwa tangu kuombwa hadi kulipwa, na usionyeshe jina wala namba ya simu ya mteja hata mmoja wa kweli: tengeneza majina ya kubuni usiku mmoja kabla. Chora majedwali yako kwenye karatasi kubwa za kubandika ukutani, kwa maana umeme ukikatika katikati ya somo, karatasi zitabaki zikisomeka. Programu na faili la mazoezi ziweke kwenye flashi mbili tatu zizungushwe kwa zamu, ili asiwepo anayekaa pembeni kwa sababu bando limemwishia. Na umwombe mmoja wao, yule mkimya zaidi, akuandikie maswali yote yatakayoulizwa. Mwezi ujao mpe yeye dakika kumi za kujibu mojawapo.