Maswali ya Wasomaji: Asiye na kazi Marekani hulipwa na nani?

Assalaam aleikum. Mdogo wangu amehamia Ohio, anafanya kazi kwenye ghala. Hapa barazani tunaambiwa Marekani ukikosa kazi serikali inakulipa kila wiki mpaka upate nyengine. Kweli? Na mambo haya yameanza lini? — Msomaji, Wete

Waaleikum salaam. Kulipwa kupo, "mpaka upate nyengine" ndiyo chumvi ya barazani. Hiyo ni bima, na anayeichangia ni mwajiri. Majimbo matatu tu, Alaska, New Jersey na Pennsylvania, humkata mfanyakazi naye. Mwajiri anayepunguza watu ovyo hupandishiwa kiwango cha mchango, na ndiyo maana wengine hupinga madai hata ya mtu mwenye haki yake.

Zamani asiye na kazi alitegemea jamaa, kanisa au bakuli la supu. Mwaka 1894 Jacob Coxey, mtu wa huko huko Ohio, aliongoza msafara wa wasio na kazi kutoka Massillon hadi Washington, kudai serikali iwaajiri kujenga barabara. Akakamatwa kwa kosa la kukanyaga majani ya uwanja wa Bunge! Ilibidi uje mdororo wa uchumi ulioanza 1929, na kufikia 1933 mtu mmoja kati ya wanne akawa hana kazi, ndipo wakubwa wakasikia. Wisconsin ilitunga sheria yake 1932. Agosti 1935 Rais Roosevelt akasaini ya nchi nzima, iliyotungwa kwa ujanja: waajiri watozwe kodi, lakini jimbo lenye mfuko wake lisamehewe sehemu kubwa ya kodi hiyo. Kufikia 1937 majimbo yote yakawa na mifuko. Wafanyakazi wa mashamba na wa majumbani waliachwa nje, na hizo ndizo kazi walizofanya Weusi wengi wa kusini. Kwa maoni yetu, hilo ni doa la sheria ile.

Sasa mdogo wako. Kila jimbo lina masharti yake, kwa hiyo asifuate ushauri wa rafiki aliyeko Texas. Ohio hulipa takriban nusu ya wastani wa mshahara wa wiki, kwa kikomo, na muda hauzidi wiki 26. Wiki ya kwanza hailipwi. Lazima awe amefanya kazi wiki 20 zisizopungua ndani ya kipindi cha hesabu, na hapo ndipo wageni wanapokwama. Kipindi hicho ni robo nne za mwanzo kati ya robo tano za mwisho zilizokwisha kamilika, na robo ni miezi mitatu. Aliyeanza Januari akapunguzwa Mei hutazamwa mwaka uliopita, ambao hakuwapo. Hata wakimhesabia kwa robo nne za mwisho, Januari mpaka Machi ni wiki 13 tu. Hapati.

Siku ile ile akipunguzwa, apeleke madai. Awe na namba yake ya hifadhi ya jamii, kibali cha kufanya kazi, na majina ya waajiri wake pamoja na tarehe za kuanza na kuacha. Kisha kila wiki athibitishe kuwa yu tayari kufanya kazi, aseme na wapi ameomba. Akisahau kuthibitisha, malipo ya wiki hiyo husimama. Aliyeacha kazi mwenyewe bila sababu ya maana, au aliyefukuzwa kwa kosa lake, hunyimwa. Akinyimwa, Ohio humpa siku 21 za kukata rufaa.

Nimesoma kuwa Marekani wasio na kazi ni asilimia 4. Mimi nalima mwani, mwezi mwengine sipati kitu. Kwa hesabu yao nina kazi? — Bi. mkulima, Paje

Unayo, Bi. Kila mwezi huulizwa kaya kama 60,000 kuhusu wiki yenye tarehe 12. Ukiwa umefanya kazi yako ya kujipatia riziki hata saa moja wiki hiyo, umeajiriwa, bahari ikupe isikupe. Anayesaidia duka la familia bila malipo huhesabiwa akifikisha saa 15. Asiye na kazi ni yule aliye tayari na aliyetafuta kweli katika wiki nne zilizopita. Aliyekata tamaa akakaa nyumbani hayumo kokote, kwa hiyo asilimia inaweza kushuka na watu hawajapata kitu. Aprili 2020, wakati wa korona, ilifika 14.8.

Roosevelt aliwapa vijana kazi gani? — Mwanafunzi wa skuli, Chake Chake

Kambi za misitu, 1933 hadi 1942: kupanda miti, kuzuia mmomonyoko, kuchonga njia. Mwanzoni walichukuliwa vijana wasiooa wa miaka 18 hadi 25, kwa dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zikipelekwa kwa wazee wao moja kwa moja. Lakini kilichomaliza ukosefu wa kazi ni vita: 1944 ulikuwa umeshuka hadi asilimia 1.2.