Nyumba Ikishachorwa X, Fidia Yako Huamuliwa Siku ya Uthamini

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa Mbeya ambaye nyumba ya baba yake imechorwa X ya kijani, alama ya nyumba inayotakiwa kubomolewa kupisha barabara, akiniuliza kama wasubiri malipo au waanze kubomoa wenyewe ili kuokoa mabati na mbao. Nilimjibu kwa simu. Hata hivyo, tangu watu walipojua kwamba familia yetu ililipwa fidia ya barabara, na kwamba tulilipwa zaidi ya kile tulichoandikiwa mwanzoni, maswali ya aina hii hayajakoma, hivyo nimeona heri niliandike jibu langu kwa kirefu.

Kwanza rangi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi, yaani eneo linalotengwa kwa ajili ya barabara, ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, zikipimwa kutoka katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya zile mita 22.5 za awali huhesabiwa kuwa ameingilia barabara, na ndiye huchorewa X nyekundu. Aliyekuwa kihalali kati ya mita 22.5 na 30 kabla ya upanuzi amefuatwa na barabara, na huyo hustahili fidia, ndiyo maana X yake ni ya kijani. Yapo maeneo yenye historia tofauti: mwaka 2017, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, nyumba nyingi zilibomolewa bila fidia kwa hoja kwamba sheria za zamani ziliipa Barabara ya Morogoro mita 121.5 kila upande. Kwa hiyo, kabla ya kujadili fedha, uliza hifadhi ya barabara yenu ni mita ngapi, kwa sheria ipi, na vipimo vimeanzia wapi. Nimeshuhudia tepu ikianzia ukingoni mwa lami badala ya katikati, na tofauti hiyo inatosha kuiweka nyumba ya mtu upande usio wake.

Nyumba yetu ni ya mama, nje kidogo ya mji wa Iringa, na mbele ilikuwa na fremu mbili, moja ya duka la mpangaji na nyingine ya saluni aliyoiendesha mama mwenyewe. Wathamini walipofika, mama alipewa kibao chenye namba iliyoandikwa kwa chaki, akakishika kifuani na kupigwa picha mbele ya mlango wake kama mtu aliyekamatwa. Picha hiyo ninayo, na kila nikiitazama moyo huniuma, kwa sababu nyumba ile aliijenga kwa fedha za vitumbua na vitenge.

Mthamini alikuwa kijana mwenye adabu, lakini mwenye haraka. Alipima mbele na ubavuni, akahesabu vyumba, akawa tayari kufunga daftari. Nilimwomba tuzunguke nyuma, na huko kulikuwa na jiko la nje, choo, karo, tangi la maji juu ya nguzo zake za zege, ukuta, na miparachichi iliyokuwa imeanza kuzaa. Akaniambia kwamba hivyo ni vitu vidogo. Nikamwomba mwenyekiti wa mtaa, ambaye saini yake ilihitajika, asisaini fomu mpaka kila kimoja kiandikwe, na mama naye akakataa kusaini. Tulisimama juani hadi mchana ukapita, na baadhi ya majirani walininong'ona kuwa ni mkorofi na mpinga maendeleo. Mwishowe vyote viliandikwa. Jirani yetu mmoja alikuwa mnadani siku hiyo na funguo alimwachia mtoto. Vyumba vyake vya uani havikuingia kwenye fomu, na hadi leo anazungushwa.

Nasema haya kwa sababu wengi wetu huzinduka siku ya hundi, ilhali hesabu ya hundi ilishakamilika siku ile ya tepu na kibao. Jedwali la fidia linaloidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali hutokana na kilichoandikwa uwanjani. Kisichoandikwa hakiwezi kuthaminiwa, hata ukilia.

Wazee wetu bado wanaamini kwamba ardhi ni ya Serikali na mwananchi hulipwa nyumba na mazao tu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa zamani. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilikubali kwamba haki ya kutumia ardhi ina thamani yake, zikataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, na Kanuni za mwaka 2001 zikaeleza mafungu yake. Unalipwa thamani ya ardhi na maendelezo kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri wa mizigo, posho ya makazi ambayo ni kodi ya mwezi ya nyumba kama hiyo mara 36, na hasara ya faida ya biashara, nayo mara miezi 36. Posho ya makazi, ya usafiri na faida iliyopotea hazilipwi kwa kiwanja kitupu. Mama alipata fungu la saluni kwa sababu alikuwa na daftari la mapato na risiti za kodi, naye mpangaji wa duka alikuwa na haki ya kudai la kwake mwenyewe. Ndugu zangu, tunzeni karatasi. Hata asiye na hati miliki asijidharau, kwa kuwa haki ya kimila inatambuliwa sawa na ile ya hati, na mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na serikali ya mtaa una uzito wake.

Kuhusu kucheleweshwa, Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka malipo yafanyike ndani ya miezi 6 tangu uthamini kuidhinishwa. Ikipita hapo riba huanza kuhesabiwa, na miaka 2 ikipita bila malipo uthamini hurudiwa. Sisi miezi hiyo ilipopita tuliandika barua ya kudai riba na kuhakikisha nakala yetu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Ofisini walituambia tuwe na subira kwa sababu barabara ni ya wote. Ni kweli ni ya wote, na kwa sababu hiyo hiyo gharama yake haipaswi kubebwa na mama mmoja mwenye saluni. Riba ililipwa, na hiyo ndiyo ziada ninayoulizwa.

Kwa kijana wa Mbeya, basi: msiondoe hata bati moja kabla ya fedha kuingia, kwa maana nyumba iliyobomolewa haiwezi kupimwa upya ikitokea uthamini umerudiwa. Ombeni nakala ya fomu aliyosaini mzee na muilinganishe na vilivyopo uwanjani, kitu kwa kitu. Uliniambia kaburi la bibi limo ndani ya eneo hilo. Makaburi yana sheria yake ya mwaka 1969, na gharama za kuyahamisha hudaiwa kando, kwa hiyo liandikieni barua yake wiki hii, mwenyekiti aishuhudie, nanyi mbaki na nakala yenye muhuri.