Nianzie wapi komiki za mashujaa? Fuata awamu, usifuate namba

Mtu akimaliza kutazama tamthilia ya Daredevil, swali lake la kwanza huwa: nianzie toleo namba ngapi? Akitafuta anakuta namba 1 ya mwaka 1964, namba 1 ya 1998, ya 2011, ya 2014, na nyingine kadhaa baada ya hapo. Zote ni za Daredevil yuleyule. Wachapishaji hurudisha hesabu kwenye moja kwa sababu namba 1 huvuta wanunuzi wapya, kisha ikikaribia namba ya kusherehekea huzijumlisha zote upya. Mfululizo wa kwanza wa Daredevil uliishia 380, wa pili ukafika 119, halafu toleo lililofuata likaandikwa 500. Hakuna ulichopitwa hapo katikati: 380 na 119 ni 499.

Kwa hiyo weka namba pembeni na uulize nani aliandika na nani alichora. Mwandishi hukabidhiwa mhusika, akakaa naye miaka miwili, mitano, hata kumi na sita, kisha akamwachia mwingine. Kipindi hicho tukiite awamu, kama tunavyosema awamu za marais: nchi ni ileile, lakini kila anayeingia ana namna yake ya kuiendesha. Awamu nzuri ina mwanzo wake, ina mwisho wake, na humfundisha msomaji yote anayohitaji kujua. Huhitaji kusoma miaka 60 ya nyuma.

Tubaki na Daredevil kidogo, maana hakuna mhusika aliyebahatika kupata awamu nzuri zilizofuatana kama yeye. Jina lake halisi ni Matt Murdock, wakili kipofu wa Hell's Kitchen, New York. Mchana anasimama mahakamani, usiku anapambana na majambazi juu ya mapaa. Frank Miller aliingia kama mchoraji kwenye toleo la 158 mwaka 1979, akakabidhiwa na uandishi kuanzia 168 mwaka 1981, akaondoka baada ya 191 mwaka 1983. Anza na 168, ambapo Elektra anaonekana kwa mara ya kwanza. Toleo la 181 usilitafute mtandaoni kabla hujalifikia. Picha ya tukio lake imezagaa kila mahali, na ukiiona mapema umejiharibia matoleo kumi na tatu ya maandalizi.

Miller alirudi mwaka 1986, safari hii akiandika tu, na kalamu ya kuchora akiishika David Mazzucchelli. Matoleo saba, 227 hadi 233, yanayouzwa kama kitabu kimoja kiitwacho Born Again. Kama utasoma kitu kimoja tu katika makala haya, soma hicho. Mwanamke aliyewahi kuwa mpenzi wa Matt, sasa mraibu wa heroini, anauza siri kwamba Matt ndiye Daredevil kwa dozi moja. Siri inapanda ngazi hadi kumfikia Kingpin, bosi wa wahalifu wa New York, na Kingpin hakimbilii kutuma muuaji. Anaanza na makaratasi: akaunti zinazuiwa, ushahidi wa uongo unatolewa, leseni ya uwakili inaondoka. Angalia jinsi Mazzucchelli anavyomchora Matt akiwa amelala katika matoleo ya mwanzo. Kwanza yuko kitandani kwake, kisha kajikunja kwenye chumba cha hoteli ya bei ya chini, kisha yuko kwenye uchochoro katikati ya takataka. Bila maneno yoyote unaona mtu anavyoshuka.

Anayeona michoro ya miaka ya 1980 ni ya zamani mno aingie kwa mlango wa pili: Brian Michael Bendis na mchoraji Alex Maleev, mfululizo wa mwaka 1998, toleo la 26 hadi 81, lililotoka 2006. Gazeti la udaku linapata siri ya Matt na kuichapa, na awamu nzima ni matokeo ya kichwa hicho kimoja cha habari. Hapa kuna mitego miwili. Bendis alikuwa tayari ameandika 16 hadi 19, akichorewa na David Mack, lakini 20 hadi 25 ni ya mwandishi mwingine, kwa hiyo ukipanga kwa namba utakutana na hadithi isiyohusiana. Na 51 hadi 55 David Mack anaandika mwenyewe kuhusu mhusika aitwaye Echo. Ni kazi nzuri kwa rangi zake, ila inasimamisha hadithi kuu pale ilipokolea. Iruke, uirudie baadaye. Tena, Bendis huandika mazungumzo marefu na huenda polepole. Ukisoma toleo moja leo na jingine wiki ijayo utaona hakuna kinachotokea. Soma matano au sita kwa mkupuo.

Ed Brubaker na mchoraji Michael Lark wanapokea kijiti kwenye 82, palepale Bendis alipoishia, wakaenda hadi hilo toleo la 500. Ukichoka giza baada ya hapo, Mark Waid alianza upya mwaka 2011 na Daredevil anayecheka, hadithi fupi fupi, rangi angavu. Mwaka 2012 ilipata tuzo ya Eisner, tuzo kubwa ya komiki za Marekani, ya mfululizo bora, na ilistahili.

Kwa X-Men, kundi la mashujaa waliozaliwa na nguvu zao, msomaji wa huku kwetu ana sababu ya ziada ya kurudi nyuma hadi 1975. Ororo Munroe, yaani Storm, mama yake ni Mkenya na baba yake ni mpiga picha Mmarekani. Alikulia Cairo akiiba mifukoni, akatembea kusini kuelekea Serengeti, na Charles Xavier, mwanzilishi wa kundi, anamkuta Kenya, watu wakimwomba mvua. Jina lenyewe, ororo, kila anayezungumza Kiswahili analijua: laini, nyororo. Afrika ya kurasa hizo imechorwa kwa macho ya mtu wa mbali, na hilo litakukera. Ni kurasa chache. Endelea, kwa sababu mwanamke huyo anakuja kuwa kiongozi wa kundi na mmoja wa wahusika walioandikwa kwa kina kuliko wote katika komiki za Marekani.

Mpangilio wake ni huu: Giant-Size X-Men namba 1, kisha rukia X-Men 94. Usihangaike kutafuta 67 hadi 93, hizo zilikuwa marudio ya hadithi za zamani. Kuanzia 94 mwandishi ni Chris Claremont, na hakuachia hadi 279 mwaka 1991. Hakuna anayekutaka umalize zote. Mchoraji John Byrne anaingia 108 na kutoka 143, na hicho ndicho kipande cha dhahabu, chenye sakata la Dark Phoenix (129 hadi 138) na Days of Future Past (141 na 142). Ukikwama kwenye ya mwanzo, nenda moja kwa moja 108. Kinachowachosha wasomaji wapya ni wingi wa maneno: kila toleo linaeleza tena nani ana nguvu gani, kwa sababu zamani hizo ilichukuliwa kwamba kila toleo linaweza kuwa la kwanza kwa mtu fulani. Ukishajua hivyo, maelezo hayo unayapitia juu juu. Matoleo mawili au matatu kwa kikao yanatosha.

Asiyetaka historia yoyote kabisa achukue All-Star Superman ya Grant Morrison na Frank Quitely, matoleo 12, 2005 hadi 2008. Ukurasa wa kwanza unasimulia asili yote ya Superman kwa picha nne na maneno manane, kisha hadithi inaanza.

Kwa kijana wa miaka kumi na mbili na kuendelea, tunampa Ms. Marvel ya G. Willow Wilson na Adrian Alphona ya mwaka 2014. Kamala Khan ana miaka 16, ni Mwislamu wa Jersey City, wazazi wake wametoka Pakistani, na vita vyake vya kila siku ni saa ya kurudi nyumbani. Kuna mahali anapelekwa kwa sheikh wa msikiti akitarajia kukaripiwa, na jibu analopata ni la mtu mzima mwenye busara kweli. Msomaji wa Mombasa au Zanzibar ataitambua nyumba hiyo bila kuelekezwa. Juzuu ya kwanza, toleo 1 hadi 5, ilishinda tuzo ya Hugo mwaka 2015. Tahadhari moja: mwishoni mwa 2015 hesabu ilirudishwa tena kwenye 1, kwa hiyo baada ya toleo la 19 tafuta namba 1 nyingine, mwandishi yuleyule.

Hawkeye ya Matt Fraction na David Aja (2012 hadi 2015, matoleo 22) ndiyo tunayompa mtu anayedhani komiki za mashujaa ni ngumi tu. Toleo la 11 linasimuliwa na mbwa: maneno ya binadamu yanafifia na kubaki machache anayoyaelewa, na harufu zinachorwa kama alama zinazounganishwa kwa mistari. Toleo la 19 shujaa hasikii, kwa hiyo viputo vya maneno viko tupu na sehemu kubwa ya mazungumzo ni lugha ya alama. Ukinunua kwa juzuu, jua kwamba ya tatu na ya nne zinatokea wakati mmoja. Wanaotumia jina la Hawkeye ni wawili, Clint Barton na Kate Bishop: ya tatu inamfuata Kate akiwa Los Angeles, ya nne inamfuata Clint aliyebaki New York. Watu wengi wamefika ya nne wakadhani kurasa zimepotea.

Komiki hiyohiyo itakuonyesha ubaya wa kusoma kwenye simu kwa mtindo ule ambapo programu inakukatia kisanduku kimoja kimoja. Aja anaweza kuweka visanduku zaidi ya ishirini kwenye ukurasa mmoja, na maana iko kwenye ukurasa mzima, namna jicho linavyotembea. Tazama ukurasa wote kwanza, ndipo ukuze. Picha inayochukua kurasa mbili, ilaze simu. Kishikwambi cha inchi 10 ni bora zaidi, na pakua matoleo ukiwa kwenye Wi-Fi, maana yamejaa picha na hula bando haraka.

Kuhusu fedha. Toleo moja lina kurasa kama 20 za hadithi na siku hizi hufika dola 4.99, kwa hiyo kukusanya awamu nzima hivyo ni kujiumiza. Juzuu hukusanya matoleo matano au sita. DC, wachapishaji wa Superman na Batman, walianzisha mwaka 2024 vitabu vidogo vya dola 9.99, na vya mwanzo vina All-Star Superman na Batman: Court of Owls. Usianze na omnibus, lile dude la kurasa mia nyingi. Ni zito, halishikiki kitandani, na huchelewi kugundua kwamba awamu hiyo hukuipenda. Marvel, wachapishaji wa Daredevil na X-Men, wana Epic Collection, nene kiasi na bei ya wastani, ila namba iliyo mgongoni ni ya mpangilio wa hadithi na wanazichapa bila kufuata namba. Ya 9 inaweza kuwa dukani na ya 8 isiwepo. Kwa kidijitali kuna Marvel Unlimited na DC Universe Infinite, za kulipia kwa mwezi au mwaka. Hakikisha kwanza kama unakoishi zinapokelewa. Ndugu walioko Marekani na Kanada waulize maktaba zao kuhusu Hoopla, ambako kadi ya maktaba inatosha.

Sasa wanaorudi. Mtu aliyeacha miaka ya 1990, au aliyeacha mwaka 2011 DC ilipoanzisha mifululizo 52 kwa mpigo, hurudi na deni moyoni: lazima nimalize nilichokosa. Huna deni. Kinachowafukuza tena ni kuanza na matukio makubwa, yale yanayokusanya mashujaa wote, ambapo hadithi kuu ina matoleo saba na vipande vyake vimetawanyika kwenye mifululizo mingine ishirini. Yapite. Chukua Immortal Hulk ya Al Ewing na Joe Bennett, matoleo 50, 2018 hadi 2021. Ni hadithi ya kutisha hasa, miili inapasuka na kujiunga upya, kwa hiyo isiachwe mezani penye watoto. Chukua Ultimate Spider-Man ya Jonathan Hickman na Marco Checchetto iliyoanza Januari 2024, ambapo Peter ni mtu mzima mwenye mke na watoto kabla hajapata nguvu. Au Absolute Batman ya Scott Snyder na Nick Dragotta ya Oktoba 2024, Bruce asiye na utajiri. Hizo mbili za mwisho kila moja iko kwenye ulimwengu wake mpya kabisa, na mkongwe na mgeni wanaanza sawa.

Black Panther tumeiacha makusudi hadi hapa, kwa sababu awamu yake bora, ya Christopher Priest kuanzia 1998, inamchanganya anayeanza. Inasimuliwa na Everett Ross, Mmarekani asiyeweza kusimulia jambo kwa mpangilio, ikiruka mbele na nyuma. Toleo la 1 hadi la 5 ni hadithi moja. Yasome yote kabla ya kuamua, maana la kwanza peke yake halieleweki, na limeandikwa lisieleweke.

Awamu yoyote ipe juzuu moja. Isipokushika, hamia kwa watu wengine hata kama mhusika unampenda. Ikikushika, fungua ukurasa wa majina na uandike mahali mwandishi, mchoraji, mtia wino na mtia rangi, kisha watafute wao. Aliyemaliza Born Again atakuta kwamba Miller na Mazzucchelli, mwaka uliofuata, 1987, walifanya Batman: Year One, toleo la 404 hadi 407. Ni manne tu, yanasomeka jioni moja.