"-na-" si "-ing" kila mahali

Mdogo wangu aliniletea daftari lake la Kiingereza nimsahihishie. Aliandika "I am knowing him", na mistari mitatu chini yake, "The child has slept, don't wake him." Sikuona uzembe hata kidogo. Niliona Kiswahili fasaha kwa maneno ya Kiingereza: ninamjua, mtoto amelala.

Ukimfundisha mtu wakati uliopo hali ya kuendelea, anzia hapo. Kwetu -na- inabeba mizigo miwili. "Ninaandika barua" yaweza kuwa kalamu iko mkononi sasa hivi, au ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kiingereza hutenganisha: "I am writing" na "I write". Mimi hupima kwa hu-. Kama ningeweza kusema "huandika" na maana ikabaki ileile, -ing haihitajiki. Kama jambo linatendeka na halijaisha, weka am, is au are, kisha kitenzi chenye -ing. Hiyo am, is au are ndiyo husahaulika sana, maana "ninaandika" kwetu ni neno moja na limejitosheleza.

Know, want, believe na need ziweke kando. Hizo ni hali za moyoni na akilini, si matendo, na kwa kawaida hazipokei -ing hata kama Kiswahili kinasema ninajua, ninataka.

Pagumu zaidi ni -me-, na vitabu nilivyosomea mimi havikunigusia. Nilimwambia mdogo wangu asimame mlangoni.

"Umefanya nini?"

"Nimesimama."

Nikanyamaza kidogo. "Na sasa je?"

"Bado nimesimama."

Hiyo "bado" ndiyo niliyokuwa naitafuta. Sisi tunaona tendo la kusimama limekwisha, hali ikabaki; Mwingereza anaona hali hiyo inaendelea, anasema "I am standing". Ndivyo ilivyo kwa amelala, amekaa, amevaa koti: sleeping, sitting, wearing. Jaribu "bado amefika" uone inavyogoma. Hapo ni "has arrived". Kipimo hiki kina mpaka wake, kwani "bado amechoka" inakubalika, ilhali Kiingereza hutumia kivumishi: "He is still tired."

Alirudi kwenye daftari, akafuta "has slept", akaandika "is sleeping". Kisha akaniuliza kuhusu "Naondoka kesho." Hiyo nilimwambia aitafsiri kama ilivyo: "I am leaving tomorrow."